Kutoka kidoleni hadi kwenye jeli: kutunza protini za vimelea vya malaria ukiwa Kigoma

Habari zenu jamani, na kwa wale wa Uha mwakeye. Nimekaa maabara huku Kigoma muda sasa, nilianzia zahanati za njia ya Kasulu nikaja kuishia mjini, na kila msimu wa mvua napokea vijana wa fildi na watafiti wanaokuja kukusanya damu ili wachunguze protini za vimelea vya malaria. Maswali wanayoniuliza ni yale yale, kwaiyo nimeona niyaandike mahali pamoja mtu asome kabla hajapanda treni.

Kitu kimoja naomba kikukae kichwani tangu mwanzo. Kazi ya protini haianzii kwenye maabara kubwa yenye mashine, inaanzia pale unapomtoboa mtoto kidole, na ukiiharibu pale hakuna mashine ya Dar wala ya Ulaya itakayoirudisha. DNA inavumilia sana, utaikuta kwenye karatasi kavu hata baada ya miaka, ila protini nyingi zikikaa kwenye damu mbichi na joto letu hili zinaanza kukatwakatwa na vimeng'enya, vingine vya kimelea chenyewe na vingine vya chembe nyeupe za mgonjwa, jioni ukija kuangalia unakuta vipande tu.

Na sababu ya watu kuja huku iko wazi. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka 5 waliopimwa Kigoma wana malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 7. Ule wa 2022 jirani zetu wa Tabora ndo walikuwa juu, asilimia 23. Hizo si namba za kujivunia, ni watoto wetu, ndo maana nataka kila tone linalochukuliwa huku lifanye kazi iliyokusudiwa.

Hatua ya 1: jua unatafuta protini gani, kabla hata ya kununua glavu

Hapa ndo watu wengi wanateleza kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu anakuja na barua imeandikwa "protini za Plasmodium falciparum" yaani aina moja ya kimelea cha malaria, ukimuuliza ipi hajui, na kila protini ina mahali pake na saa yake.

Kimelea kikiwa kwenye chembe nyekundu kinakamilisha mzunguko kwa masaa 48 hivi. Masaa ya mwanzo kinakuwa kama pete, baadaye kinanenepa, mwishoni kinajigawa kinapasua chembe na kutoka. Sasa damu unayoitoa kwenye kidole au mkononi mwa mgonjwa wa falciparum ina zile pete tu, pamoja na gametositi (zile hatua za kimelea zinazochukuliwa na mbu) kama zipo. Vile vikubwa hauvioni kwa sababu kimelea kinapeleka protini yake inayoitwa PfEMP1 nje ya chembe nyekundu, inang'ang'ania kwenye kuta za mishipa midogo, chembe inajificha huko isipite kwenye bandama ikaharibiwa. Kwaiyo kama unatafuta MSP1, AMA1 au RH5 ambazo zinatengenezwa kimelea kinapokaribia kujigawa, damu mbichi ya mgonjwa itakuangusha. Inabidi uioteshe kwenye maabara siku moja hadi mbili pete zikomae, na njia ya kuotesha falciparum tunayo tangu 1976, watafiti Trager na Jensen ndo walioifungua. Nimeona kijana wa watu amekusanya damu wiki tatu kutafuta MSP1 akatoka mikono mitupu, na hakukosea kwenye jeli (ule ute mgumu tunaopitishia protini kwa umeme ili zitengane kwa ukubwa) hata kidogo, alikosea saa.

RH5 ni ya kuiheshimu hiyo. Mwaka 2011 iligundulika kwamba inashikana na protini ya binadamu iitwayo basijini iliyo juu ya chembe nyekundu, bila huo mshikano kimelea hakiingii, na chanjo inayotokana nayo imeshafanyiwa majaribio hapa hapa nchini, Bagamoyo. CSP nayo usiitafute kwenye damu, iko juu ya kile kimelea kinachotoka kwenye mate ya mbu kwenda kwenye ini, ndo iliyotengenezewa chanjo za RTS,S iliyopendekezwa na WHO Oktoba 2021 na R21 Oktoba 2023. Kwenye damu utakachopima ni kingamwili dhidi ya CSP, sio CSP yenyewe.

Wengine wanakuja wanasema wanataka "protini ya K13" kwa ajili ya usugu wa dawa mseto. Mabadiliko ya K13 tunayasoma kwenye DNA, sio kwenye jeli ya protini. Lile linalosumbua ukanda huu ni kwenye nafasi ya 561 ambapo arjinini imebadilika kuwa histidini, limeonekana Rwanda na limeonekana Kagera, na kutoka Kagera kuja Kakonko sio mbali. Ni asidi amino moja tu kwenye protini nzima. Kama hiyo ndo kazi yako, karatasi kavu inakutosha, achana na habari za friza na barafu, utajitesa bure.

Na kuna HRP2, ambayo kila mtu wa zahanati ameshaiona hata kama haijui kwa jina, maana ndo inayochora ule mstari kwenye kipimo cha haraka. Hii nitairudia.

Hatua ya 2: kibali na mazungumzo

Kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kiwe mkononi, barua ya mkoa, ya wilaya, alafu mganga mfawidhi ajue, alafu mwenyekiti wa kijiji ajue. Kama sampo itatoka nje ya nchi kuna mkataba wake wa kuhamisha sampo, usije ukaukumbuka ukiwa uwanja wa ndege.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili chepesi, na uwe na mtu wa kuisoma kwa Kiha maana wazee wetu wengi wa vijijini Kiswahili wanakielewa ila maneno ya damu na utafiti wanataka wayasikie kwa lugha ya nyumbani. Na hofu ya mumiani bado ipo, usiidharau. Mama akikuuliza damu ya mwanangu mnaipeleka wapi, usimjibu kwa haraka, kaa chini, mwonyeshe tyubu yenyewe, mwambie "mama, ni matone manne, hata nusu ya kijiko cha chai hayafiki, na tukikuta malaria anapewa dawa leo leo". Kama ni damu ya mshipani mililita 2 mwonyeshe kijiko cha chai, kinabeba mililita 5, yaani haifiki nusu yake. Akikataa mshukuru na mtoto apimwe na atibiwe kama wengine, asionekane amekosea.

Hatua ya 3: kutoboa

Kidole cha pete cha mkono ambao hautumii sana, ubavuni sio katikati maana katikati panauma zaidi. Mtoto mchanga ni kisigino. Pakaa spiriti, SUBIRI IKAUKE. Naweka herufi kubwa maana ndo kosa la kila siku, spiriti mbichi ikichanganyika na damu inapasua chembe na tone linasambaa halikai kama tone. Lanseti ikitumika inaenda moja kwa moja kwenye sefti boksi, haiwekwi mezani hata dakika. Tone la kwanza lifute na pamba kavu, yanayofuata ndo yako. Usikamue kidole kama unakamua chungwa, unatoa majimaji ya nyama yanayoipunguza nguvu damu, kisha namba zako zote zinakuwa za uongo na haujui.

Panga vitu vyako kwa mfuatano kabla ya kutoboa: kipimo cha haraka, slaidi, karatasi. Mtoto hasubiri wewe utafute penseli.

Hatua ya 4: kipimo cha haraka, maana hapo umeshashika protini

Maikrolita 5 za damu kwenye kishimo chake, bafa (kile kimiminika kinachokuja na kipimo) kwenye kishimo chake kingine kwa idadi ya matone yaliyoandikwa na aliyetengeneza, saa ukutani, soma kwa dakika zilizoandikwa, vingi ni 15 hadi 20. Ukikisahau ukakirudia baada ya lisaa usikisome, toboa upya.

Sasa HRP2 ni protini ya ajabu. Karibu theluthi moja yake ni histidini na zaidi ya theluthi ni alanini, imejirudia rudia vile vile kama shanga za rangi mbili kwenye uzi mmoja. Kwa sababu ya kujirudia huko kingamwili zinapata sehemu nyingi za kushika kwenye molekyuli moja, ndo maana kipimo kinaona hata vimelea wachache. Na ni ngumu, joto haliiui haraka kama nyingine. Lakini ugumu huo huo unatuletea shida: mgonjwa ameshameza dawa amepona na HRP2 bado inazunguka kwenye damu wiki kadhaa, mstari unaendelea kutokea. Kwaiyo kwenye fomu yako lazima uulize "mtoto amemeza dawa ya malaria lini mara ya mwisho", usipouliza utahesabu waliopona kama wagonjwa. Kipimo kingine kinashika pLDH, protini nyingine ya kimelea, hiyo inatengenezwa na vimelea hai na inaondoka mapema vikifa, hivyo kipimo chenye mistari yote miwili kinakupa picha nzuri zaidi.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2010 watafiti walitoa taarifa kutoka Peru kwamba kuna falciparum waliopoteza kabisa jeni ya HRP2, baadaye wakaonekana Eritrea na nchi nyingine za Pembe ya Afrika. Kimelea wa hivyo anaishi vizuri tu na kipimo cha HRP2 kinasema mgonjwa hana malaria. WHO inashauri nchi ibadilishe kipimo kama zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosewa kwa sababu hiyo. Kwetu bado ni wachache sana, ila ukikuta slaidi ina vimelea na kipimo cha haraka kinakataa, HIYO SAMPO NI YA DHAHABU, usiitupe ukidhani umekosea. Rudia kipimo kwa kifaa cha pakiti nyingine, andika, na utunze karatasi ya damu ya huyo mtu.

Hatua ya 5: slaidi

Hii mnaijua. Damu nene na damu nyembamba iliyosambazwa kwenye kioo kimoja, nyembamba ndo inayowekwa metanoli, nene usiiguse na metanoli. Rangi ya Gimsa asilimia 10 dakika 10, au asilimia 3 dakika 30 hadi 45 kama una muda, na mi napenda ya polepole rangi inatulia. Andika kwa penseli, wino wa kalamu unaondoka na metanoli.

Hesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8,000 (idadi ya chembe nyeupe tunayokadiria kwa kila maikrolita ya damu) gawa kwa 200. Ukikuta 125 maana yake ni kama 5,000 kwa kila maikrolita. Usione ni hesabu ya kujaza fomu, ndo itakayokuambia kama una protini ya kutosha. Mtu ana chembe nyekundu kama milioni 4 hadi 5 kwa kila maikrolita, kwaiyo huyu mgonjwa wa 5,000 ana chembe 1 tu iliyoingiliwa kati ya kama 1,000. Mililita 2 za damu yake zina vimelea milioni 10, na ni pete, vidogo. Hapo unapata mstari mmoja wa jeli, labda. Ukijua hivyo mapema unachagua wagonjwa wa kuomba damu ya mshipani, sio unawatoa damu watu wote bila sababu.

Hatua ya 6: karatasi ya damu kavu

Karatasi inafaa kwa DNA, kingamwili, na HRP2. Haifai kwa mtu anayetaka protini nzima za kimelea zilizo laini, huyo aende hatua ya 7.

Gusisha tone kwenye duara, kidole kisiguse karatasi, tone moja lijaze duara na lionekane upande wa nyuma. Halijajaa? Liache hivyo, weka lingine duara la pili. Ukirundika tone juu ya tone linakauka kwa matabaka na ukikata kijiduara cha kupima hakina kiasi kinachojulikana. Kisha kausha, imelala au imeningʼinia bila kugusa meza, kivulini, usiku mzima ndo salama hasa miezi ya mvua. Jua hapana, moto hapana.

Naomba niwasimulie kilichonitokea nijue mmeelewa. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa kijijini mvua za Machi, tumechukua watoto zaidi ya arobaini, giza linaingia, gari inatungoja na barabara imeanza kuwa tope. Nikazigusa karatasi kwa kidole cha glavu nikaona kavu, nikazitia kwenye mifuko ya zipu nikafunga. Juu zilikuwa kavu, ndani bado. Baada ya siku tano nafungua mjini harufu ikanipiga puani kabla sijaona kitu, alafu nikaona ukungu, mweupe mweupe kama unga wa muhogo umemwagiwa juu ya kila duara, mwingine umeshaanza kuwa wa kijani. Nilikaa chini. Wale mama walinipa watoto wao, wengine walitembea na mtoto mgongoni tangu alfajiri, na mi nimewapa ukungu chakula. Tangu siku hiyo karatasi zangu zinalala usiku, gari likitaka kuondoka liondoke mi nalala nazo kijijini.

Na inzi. Inzi na sisimizi wanakula damu inayokauka, asubuhi unakuta duara lina matundu. Dawa yake ni rahisi, kile chandarua kidogo cha kufunikia mtoto mchanga, kinauzwa Mwanga sokoni, funika meza nzima, miguu ya meza iweke kwenye makopo ya maji.

Zikikauka, kila karatasi mfuko wake, pakiti ya silika jeli ndani, namba kwa penseli. Silika ya rangi ya bluu ikigeuka pinki imeshiba maji, ibadilishe, na uwe unaangalia kila wiki sio siku ya kusafirisha. Jina la mgonjwa lisiwepo kwenye karatasi, namba tu, majina yabaki kwenye daftari linalofungiwa.

Hatua ya 7: damu ya mshipani, na mbio zake

Tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), geuza polepole mara 8 hadi 10, usitikise, weka kwenye kibebeo cha baridi lakini isigusane na barafu moja kwa moja, ikiganda kwa baridi chembe zote zinapasuka. Kutoka hapo saa inahesabu, mi najitahidi niwe nimeanza kazi ndani ya masaa manne.

Zungusha kwenye sentrifyuji, 500 g (nguvu mara 500 ya uvutano, sio gramu) dakika 5. Juu ni plazma, hifadhi, ina HRP2 na kingamwili. Katikati kuna utando mwembamba mweupe, hizo ni chembe nyeupe, zinyonye zote zitoke pamoja na nyekundu kidogo za juu, usione huruma, maana hizo ndo zenye vimeng'enya vingi vya kukata protini. Osha nyekundu kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) ya baridi mara mbili.

Sasa saponini. Ni kitu cha mimea kinachotoa povu kama sabuni, asilimia 0.1 kwenye PBS ya baridi, ujazo mara kumi ya chembe zako, kwenye barafu dakika 5 hadi 10. Inatoboa ngozi ya chembe nyekundu, hemoglobini inamwagika, kimelea chenyewe kinabaki kizima. Utaona kwa macho: mwanzo ni nzito haipitishi mwanga kama uji wa ulezi, ghafla inakuwa angavu kama juisi ya rozela, weka kidole nyuma ya tyubu utakiona. Hapo imeiva. Zungusha kwa nguvu zaidi, 3,000 g dakika 10 kwenye baridi, na chini kabisa tazama vizuri, kuna kidoa kidogo. Vimelea vikiwa pete kidoa kinakuwa hafifu sana, ila kama uliviotesha vikakomaa kinakuwa cha kahawia iliyokolea karibu nyeusi. Ule weusi ni hemozoini, mabaki ya damu ambayo kimelea ameila akaifunga kuwa vijiwe vidogo maana hemu, ile sehemu ya hemoglobini yenye chuma, ni sumu kwake. Mi kila nikiuona moyo unanituliza, najua nina mzigo.

Osha na PBS baridi yenye dawa ya kuzuia vimeng'enya, mara tatu au mpaka maji ya juu yawe meupe kabisa. Usichoke hapa.

Kisha uamuzi mkubwa. Vitabu vitakuambia weka kwenye nyuzi hasi 80 usafirishe na aisi kavu. Kama unayo, sawa. Mimi aisi kavu sijawahi kuipata kirahisi hapa, na Kigoma kwenda Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, friza nayo inategemea umeme. Ushauri wangu, kama mwisho wa kazi yako ni jeli na bloti (kuhamisha protini za jeli kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili), chemsha hapa hapa. Weka bafa ya sampo yenye SDS (aina ya sabuni) juu ya kidoa, nyuzi 95 dakika 5. Joto na SDS vinazikunjua protini zote pamoja na vile vimeng'enya vya kukata, vinakufa, na sampo inaweza kusafiri kwenye kibebeo cha kawaida cha baridi bila kukupa presha. Hasara yake ni moja, protini iliyokunjuliwa haifanyi kazi tena, kwaiyo kama unataka kupima utendaji wa kimeng'enya au kuona protini zinavyoshikana, njia hii sio yako. Hauna kifaa cha kuchemshia? Sufuria, maji, kipande cha sponji umekitoboa matundu tyubu zielee. Hakikisha vifuniko vimebana, mvuke unavifyatua na mzigo wote unaishia ukutani. Na ile bafa ina kitu kinachonuka kama yai viza, ni sumu, dirisha wazi.

Hatua ya 8: jeli

Jeli ya asilimia 12 inakufaa kwa pLDH ambayo ni kama kilodaltoni 35 (kipimo cha uzito wa protini) na kwa RH5 iliyo kama 60. MSP1 ni jitu la karibu 190, hilo linataka jeli laini ya asilimia 7 hivi, kwenye 12 litakwama juu mlangoni. Akrilamidi kabla haijaganda inadhuru mishipa ya fahamu, vaa glavu hata kama unachanganya kidogo.

Weka kwenye kila jeli vitu vitatu pamoja na sampo zako: ngazi ya vipimo (protini za uzito unaojulikana), damu ya mtu asiye na malaria iliyopitishwa njia ile ile ya saponini, na vimelea vya falciparum vya maabara vya aina ya 3D7 kama unavipata, hao ndo ambao ramani yao ya jeni ilitolewa 2002. Volti 120, lisaa limoja na nusu hivi, mpaka mstari wa bluu ufike chini. Umeme ukikatika katikati protini zinaanza kutawanyika kwenye jeli na mistari inakuwa na ukungu, tafuta betri ya kubeba hata lisaa.

Ukipaka rangi ya Coomassie ukaona doa nene chini karibu na 16, hiyo ni hemoglobini, hukuosha vya kutosha.

Hatua ya 9: bloti

Hamisha kwenye utando wa nitroselulosi, zuia kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta asilimia 5 lisaa, kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye friji, osha mara tatu, ya pili lisaa, osha, piga picha. Maziwa ya unga ya dukani mengi yana mafuta, soma pakiti.

Kijana mmoja alinionyesha picha yake ana furaha, mstari mnene mzuri kwenye 50, na mwingine kwenye 25, kwenye sampo zote za wagonjwa. Nikamuuliza damu isiyo na malaria iko wapi, akavuta upande wa picha alioukata, na mistari ile ile ipo. Zilikuwa ni kingamwili za binadamu mwenyewe, mnyororo mzito ni 50 mwepesi ni 25, kingamwili yake ya pili ilikuwa inazishika zile. Hakulia, aliosha upya akarudia, akaja kupata pLDH yake kwenye 35 hafifu lakini ya kweli, na damu isiyo na malaria ikawa nyeupe pe. Usikate pembeni picha yako, hata ya kujiangalizia mwenyewe.

Hatua ya 10: daftari

Kwa kila namba andika saa ya kutoboa, saa ya kuzungusha, saa ya kuchemsha au kugandisha, joto la kibebeo, nani alifanya. Ukipata mistari iliyokatika katika kwenye sampo tatu na nyingine nzima, utarudi kwenye hizo saa na utakuta zile tatu ndo zilizokaa kwenye gari siku tairi ilipopasuka.

Matokeo ya kipimo cha haraka na slaidi yanaenda kwa mgonjwa siku hiyo hiyo, dozi ya dawa mseto ya ALu ni mara 6 kwa siku 3, dozi ya pili baada ya masaa 8, na ale kitu chenye mafuta kidogo, hata uji uliotiwa karanga. Picha za jeli zikitoka, tuma nakala kwa yule wa maabara wa zahanati aliyekutobolea watoto, na namba za sampo zake zilizofaulu na zilizoharibika, ili awamu ijayo ajue ni siku gani damu ilichelewa.